Tuiache Injini ya MGB au Tutie V8?

Hoja iliyo mbele yetu ni hii: mtu amenunua MGB ya miaka ya 1960 au 1970, ameikuta imechakaa, na anataka kuitengeneza aiendeshe. Je, ni haki kuing'oa injini yake ya silinda nne na kutia V8 ya Rover mahali pake? Huko Uingereza watu wamebishana juu ya jambo hili kwa zaidi ya nusu karne, na wanaobishana wote wanalipenda gari lile lile. Nimeyapanga mabishano hayo kwa sauti mbili nilizozitunga mwenyewe. Mzee anaitetea injini ya asili, Fundi anaitetea V8. Nami nitaingia kati pale hoja inapotaka kupita bila kupimwa, na mwisho nitasema nasimama wapi.

Kwanza gari lenyewe, kwa wasiolijua. MGB ilitoka mwaka 1962 katika kiwanda cha MG mjini Abingdon, karibu na Oxford, ikaendelea kutengenezwa hadi 1980, mwaka ambao kiwanda hicho kilifungwa. Ni gari dogo la michezo, la viti viwili na paa la turubai. Mwaka 1965 lilipata ndugu mwenye paa la bati, MGB GT, na yote pamoja yalipita 500,000. Injini ina cc 1798 na ilipokuwa mpya ilitoa nguvu ya farasi 95. Chini hakuna chesisi ya kubeba bodi, bodi yenyewe ndiyo mifupa ya gari. Hilo la mwisho msilisahau, maana nusu ya ugomvi huu imejificha humo.

MZEE: Fundi, kabla hujashika spana tazama unachotaka kukitoa. Injini hii ni ya chuma cha kusubu, vali zake zinasukumwa kwa fimbo, kabureta ni mbili za SU, na hakuna kitu ndani yake kinachotaka kompyuta. Ukifungua boneti unaona plagi, unaona distributa, na mkono unafika. Mwishoni mwa 1964 waliiwekea krenkshafti ya beringi tano badala ya tatu, ikazidi kuwa imara. Spea zake zinauzwa mpaka leo, kuanzia gasketi hadi pistoni. Na si injini tu. Syd Enever, mhandisi mkuu wa MG, na wenzake walilihesabu gari zima kwa uzito na nguvu ya injini ile: ugumu wa springi, meno ya difu, ukubwa wa breki, wepesi wa stelingi. Gari lililoundwa vizuri ni mapatano baina ya vyuma vyake. Ukimtoa aliyepatana na wote, hao waliobaki wamepatana na nani?

FUNDI: Shikamoo, Mzee wangu. Uzuri wa injini ile sibishani nao, nimeifungua na kuifunga, naijua. Ila unaiita ya asili kana kwamba ilizaliwa Abingdon. Hapana. Ni ya ukoo wa B wa kampuni ya BMC, ukoo uliotoka Austin, na ndio ulioziendesha Austin Cambridge na Morris Oxford, magari ya familia. Wazee wetu waliopanda Morris Oxford pale Nairobi walisikia mlio wa ndugu yake huyu. MG waliichukua kwa sababu ndiyo iliyokuwepo na bei yake ilikuwa nafuu.

Tena hivyo ndivyo Waingereza walivyounda magari ya michezo tangu zamani. Kampuni ya AC ilikuwa na gari zuri liitwalo Ace. Injini yake ya kwanza ilibuniwa mara tu baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Ilipozeeka wakatia ya Bristol, ambayo nayo asili yake ni BMW ya Ujerumani. Mwaka 1962 Mmarekani Carroll Shelby akatia V8 ya Ford, na hapo ndipo ilipotoka Cobra ambayo leo kila mtu anaitamani. Mwaka 1964 kampuni ya Rootes walifanya vivyo hivyo, wakaitia Sunbeam Alpine V8 ya Ford wakaiita Tiger. Lotus Elan bloku yake ni ya Ford. Morgan wamekuwa wakinunua injini kwa wengine tangu mwanzo, na mwaka 1968 wakanunua hii hii V8 ya Rover kwa ajili ya Plus 8. Sasa Mzee, ukiniharamishia V8, utamhalalishia nani?

MZEE: Marahaba, kijana wangu. Historia umeisema sawa, lakini kuna gari umeliruka, na nadhani umeliruka kwa makusudi. Mwaka 1967 Abingdon wenyewe waliongeza injini. Walitwaa silinda sita ya cc 2912, chuma kitupu, wakaitia katika bodi ya MGB na kuiita MGC. Haikuingia kirahisi. Springi za mbele za koili ziliondolewa, zikawekwa fito za kujikunja, boneti ikafura. Gari likawa zito mbele, kona halizitaki, na waandishi wa magazeti ya magari wakalisema vibaya. BMC walitaka liuzwe pia kwa jina la Austin-Healey, Donald Healey akakataa jina lake lisibandikwe humo. Mwaka 1969 wakaliacha, yakiwa yametoka kama 9,000 tu. Hao ndio waliolijua gari kuliko mimi na wewe, wakiwa na mashine zote na michoro yote. Wewe una nini ndani ya gereji yako?

FUNDI: Nina V8 ya alumini, Mzee. MGC ilishindwa kwa uzito, na uzito ndio ulioifanya V8 hii ipendwe.

Injini yenyewe ilianzia Marekani. Buick waliitoa mwaka 1961, bloku ya alumini na vichwa vya alumini, inchi za ujazo 215. General Motors wakaiacha baada ya 1963. William Martin-Hurst, aliyekuwa akiiongoza Rover, aliikuta Wisconsin kwa watu wa injini za boti, na mwaka 1965 Rover wakapata haki ya kuitengeneza Uingereza. Wakaiweka katika magari yao makubwa ya heshima, na mwaka 1970 ikaingia Range Rover. Aliyewahi kupanda Range Rover za mwanzo kwetu ameisikia: haipigi kelele, inanguruma chini chini. Ina cc 3528, karibu mara mbili ya ile ya MGB, lakini uzito wa hizo mbili unakaribiana.

Ken Costello aliliona hilo mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alianza kuuza MGB zilizotiwa V8 hiyo, hadi wakubwa wa British Leyland, waliokuwa wenye MG wakati huo, wakataka kuliona gari lake. Mwaka 1973 Abingdon wakatoa ya kwao, MGB GT V8. Kwa hiyo kilichoanzia kwa fundi wa mtaani kikawa kazi ya kiwanda. Unawezaje kuniambia nimeharibu?

MWANDISHI: Nasimama hapa kidogo, kwa sababu Fundi amesema kweli na kweli hiyo ina sehemu ya pili. GT V8 ilitoa nguvu ya farasi 137. MGB ya kawaida huishia karibu kilomita 170 kwa saa, hii ilifika 200. Haikuuzwa Marekani, ambako MGB ndiko ilikopata soko lake kubwa, na miezi michache tu baada ya kutoka likazuka lile tatizo la mafuta la mwishoni mwa 1973. Mwaka 1976 ikasimamishwa, zikiwa zimetengenezwa 2,591, zote za paa la bati. V8 ya turubai kutoka kiwandani ilisubiri hadi RV8 ya 1993, na kati ya hizo 2,000 hivi nyingi zilikwenda Japani.

Baada ya historia hiyo, mtu akisema V8 si damu ya MG hana ushahidi. Mzee amebanwa hapo na ni haki abanwe. Lakini tazameni kiwanda kilifanya nini. Costello aliziacha kabureta juu ya injini, boneti ikabidi iwe na nundu. Abingdon walitengeneza njia mpya ya hewa, kabureta zikakaa nyuma ya injini na boneti ikabaki ile ile. Difu ilibadilishwa kutoka uwiano wa 3.9 hadi 3.07. Diski za breki za mbele zilinenepeshwa. Feni mbili za umeme ziliwekwa kwenye rejeta. Yaani injini ilipobadilika, mapatano ya Mzee yaliandikwa upya. Swali langu kwa Fundi ni kama wenzake wa gereji wanayaandika.

MZEE: Nakushukuru kwa swali hilo, maana ndilo linaloniuma. Mtu anasoma kwamba V8 inaingia, ananunua iliyotolewa kwenye gari lililogongwa, anatafuta nyundo. Ananyundia kuta za ndani za madifenda ili eksozi ipite. Eksozi ikipita inalala karibu na shafti ya stelingi, na dereva anashika usukani ambao chini yake pana joto la moto. Rejeta ni ile ile ya injini ndogo. Breki ni zile zile. Difu ni ile ya 3.9, basi gari linaondoka kwa kishindo, lakini barabara kuu linalia kama linaomba gia ambayo halina. Halafu chini ya yote hayo kuna bodi ya miaka 50 iliyoliwa na kutu katika vizingiti vya milango, na vizingiti hivyo ndivyo vinavyoizuia isipinde. Huyo simwiti mpenzi wa MGB.

FUNDI: Wala mimi simwiti. Nikueleze ninavyofanya, kisha uniambie kosa liko wapi.

Injini kwangu ni ya mwisho. Nalinyanyua gari, nalipigia stendi, nafungua na kufunga milango. Mlango ukigoma kukaa sawa wakati gari limenyanyuliwa, vizingiti vimechoka, hata kama rangi ya nje inang'aa. Kabla sijakata kutu naunganisha nguzo za mlango kwa bomba la chuma, moja huku na moja huku, maana ukikata kizingiti bila kuishika bodi, itapinda na haitarudi. Nachomelea vipande vyote vitatu vya kizingiti, cha nje, cha kati na kile cha chini kinachofichika. Bodi ikishakuwa nzima nakwenda kwenye breki. Gari linatakiwa lijue kusimama kabla sijalipa nguvu ya kukimbia.

Hapo ndipo injini inaingia, na inaingia mara nyingi kabla ya kufungwa moja kwa moja. Naipima, naitoa, naipima tena. Nikiweza kuchagua, nachagua bodi za baada ya 1974, zile za bampa nyeusi, kwa sababu kiwanda chenyewe kilizitengenezea nafasi ili V8 iingie, na nyundo haihitajiki. Eksozi naipitisha katika kuta za madifenda kama walivyofanya kwenye RV8, iwe mbali na stelingi. Chujio la oili nalihamisha nikiona linagusana na kitu. Gia boksi natia ile ya gia tano ya Rover SD1, propela shafti inatengenezwa upya kwa kipimo, difu nayo inabadilishwa. Rejeta kubwa, feni za umeme, na nalisimamisha gari likiunguruma mchana wa jua kali mpaka niamini kwamba halichemki. Nimevunja mapatano gani hapo, Mzee?

MZEE: Hapo umefanya kazi ya mhandisi, na nakuvulia kofia. Lakini umesema jambo moja la kweli ukalipita: bodi. Ukishaitoboa kuta zake, huyo atakayekuja baada yako akitaka kurudisha injini ya awali atazikuta tundu. Mkataa kwao ni mtumwa, Fundi. Gari hilo halitarudi kwao.

FUNDI: Mbona mnazikubali bodi mpya? Tangu 1988 British Motor Heritage wanauza bodi nzima ya MGB, bati jipya kuanzia pua hadi mkia. Mwenye gari anahamishia injini yake ya zamani ndani ya bodi isiyowahi kuonja mvua, nanyi mnampongeza kwamba ameokoa MGB. Anayebakiza bodi ya 1968 yenye vumbi lake na kutia injini nyingine, mnasema ameiua. Nielezee hesabu hiyo.

MZEE: Bodi zile zinapigwa kwa kalibu zile zile za kiwanda. Ni sura ile ile imerudi. V8 yako ni sura nyingine.

MWANDISHI: Jibu la Mzee lina uzito, lakini halimalizi swali la Fundi, na sidhani kama kuna jibu linaloweza kulimaliza. Nataka kuleta ushahidi kutoka nje ya MG, kwa sababu ndio uliobadilisha fikra zangu.

Mwaka 1970 Triumph walitoa Stag, gari la viti vinne lililochorwa na Mtaliano Giovanni Michelotti. Badala ya kuichukua V8 ya Rover iliyokuwa tayari ndani ya British Leyland, Triumph waliunda ya kwao ya cc 2997. Ilikuwa na sauti tamu na maradhi mengi. Pampu ya maji ilikaa juu, hivyo maji yakipungua kidogo tu inazunguka kavu. Vichwa ni vya alumini juu ya bloku ya chuma, na njia za maji zikiziba kichwa kinapinda. Stag ikapata jina baya la kuchemka. Wenye magari wakachoka, wakazing'oa kwa wingi na kutia V8 ya Rover. Ilionekana busara, na kwa mtu aliyekwama kando ya barabara na familia yake ilikuwa busara kweli.

Baadaye mafundi waliokaa na injini ile kwa subira waligundua kwamba haikuwa mbovu kiasi hicho. Ilitaka rejeta safi, njia za maji zilizosafishwa vizuri, maji yenye dawa ya kuzuia kutu, na cheni za taiming zibadilishwe kwa wakati wake. Leo anayenunua Stag huuliza kwanza kama ina injini yake. Nyingi hazina. Zilitupwa kwenye vyuma chakavu na watu waliokuwa na sababu nzuri kabisa, na magari yote ya Stag yaliyotengenezwa hadi 1977 hayakufika 27,000. Kosa lile haliwezi kurekebishwa kwa fedha.

FUNDI: Hilo la Stag nalikubali, na linauma. Lakini MGB si Stag. Injini za B zilitengenezwa kwa wingi mno, hazitakwisha kesho. Na mimi sizungumzii kung'oa injini nzima. Kuna MGB ngapi zimekaa vibandani, bloku imepasuka kwa barafu, au injini iliuzwa zamani na kadi ya gari imepotea? Zile zilizopelekwa Marekani kuanzia 1975 zilibaki na kabureta moja ya Zenith-Stromberg na nguvu kidogo kwa sababu ya sheria za moshi. Kuvunja koleo si mwisho wa uhunzi. Kwetu Afrika Mashariki Land Rover zilizotiwa injini za Toyota zimebeba watu na mizigo miaka mingi, na hakuna aliyeacha kuziita Land Rover.

MZEE: Land Rover inatiwa injini nyingine ili iendelee na kazi. MGB kazi yake ni moja: kumwonjesha dereva wa leo jinsi gari jepesi la mwaka 1962 lilivyokwenda. Ukishaipa nguvu ya kuyapita magari mapya, kazi hiyo imekwisha.

Na kuna usalama. Uingereza tangu 2018 gari lililopita miaka 40 halilazimiki tena kupelekwa ukaguzi wa kila mwaka, ila kama limebadilishwa sana katika miaka 30 iliyopita. Mwenye V8 ya gereji anayejificha katika msamaha huo anamhatarisha kila anayepishana naye. Apeleke gari likaguliwe, sheria imtake isimtake, na awaambie watu wa bima ukweli.

FUNDI: Hapo sina neno. Kila gari ninalolibadilisha linakwenda ukaguzi. Na kwetu ambako namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, ibadilishwe kwenye karatasi pia, isiwe siri.

MWANDISHI: Umeme nao unagonga mlango. Kuna wanaotoa injini yoyote ile na kuweka mota na betri. FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale, linasema gari la namna hiyo halihesabiki tena kuwa la kihistoria, nami nakubaliana nalo. V8 ya Rover ina hoja kwa sababu ni ya zama zile na kiwanda chenyewe kiliitia. Mota haina hoja hiyo.

Sasa hukumu yangu. Fundi ameshinda swali la historia: V8 ina haki ya kuwa ndani ya MGB, na anayeikana hajasoma habari za Abingdon. Mzee ameshinda swali la gari lililo mbele yako. MGB iliyofika leo na injini iliyotoka nayo kiwandani, hata kama imechoka, haifai kung'olewa injini hiyo. Injini ya B iliyochoka inafungwa upya kwa gharama inayoweza kuwa ndogo kuliko kuiingiza V8 kwa namna aliyoieleza Fundi, maana aliyoieleza ina breki, difu, gia boksi, propela shafti na rejeta ndani yake. Anayetaka V8 atafute bodi iliyokwisha kupoteza injini yake, na hasa ya baada ya 1974 ambayo haitaki nyundo. Hizo zipo, hazitamaniwi kama zile za bampa za kung'aa, na zinamngoja fundi wa namna hii. Kila kilichobadilishwa kiandikwe na kukaa na gari, ili mnunuzi wa baadaye asidanganyike.

Basi wewe unayeitazama boneti yako na kuifikiria V8, fanya jambo moja kabla hujauza wala kununua chochote. Soma namba ya injini iliyogongwa kwenye bloku na namba ya gari. British Motor Museum huko Gaydon wana kumbukumbu za uzalishaji za MGB, na hutoa hati inayoonyesha gari lako lilitoka na injini ipi. Iagize hati hiyo. Namba zikilingana, funga boneti na utafute fundi wa kuifunga upya injini uliyo nayo.